Mgeni wa Madibira na Karatasi Zake

Msafiri atokaye Mafinga kuelekea Rujewa kwa njia ya Madibira huteremka kidogo kidogo, akaiacha nyuma baridi ya Mufindi na misitu yake ya misonobari, hata akatokea katika uwanda wa Usangu, ambako macho hukosa kilima cha kuyazuia na kila upande ni majaruba, mifereji na mpunga. Madibira ni kata ya Wilaya ya Mbarali, na kwa mipaka ya serikali ni mali ya Mkoa wa Mbeya, walakini kwa soko, kwa ndoa na kwa lugha imeshikana na Iringa kiasi ambacho mwenyeji wake akiulizwa yeye ni wa wapi, jibu hutegemea ni nani aliyeuliza. Skimu yake ya umwagiliaji, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na inayonyweshwa na Mto Ndembera, ina eneo la kadiri ya hekta 3,000, na ndiyo iliyoifanya kata hiyo kuwa kimbilio la kila mwenye jembe, mwenye mtaji na mwenye tamaa.

Mahali kama hapo hapawi pa kabila moja. Wasangu wapo, na Wahehe na Wabena, na Wakinga walioshuka kutoka milimani kufuata biashara, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao wakaishia kushika na jembe pia. Wamisionari Wabenediktini walifika mwishoni mwa karne ya 19, wakati moshi wa vita vya Wajerumani na Mkwawa ulikuwa haujatawanyika. Fauka ya hayo, kilimo cha mpunga wa kumwagilia katika uwanda huo wa Usangu kililetwa kabla ya uhuru na Mabulushi, watu ambao asili ya wazee wao ni ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo mtu wa Usangu anayemtazama mgeni kwa jicho la kando, ilhali sahani ya wali iko mbele yake, ana haja ya kukumbushwa historia ya chakula chake.

Wageni nitakaowasema hapa, hata hivyo, si Mkinga wala Msukuma, kwa maana hao ni raia, na sheria haiwajui kwa jina la ugeni hata kama majirani huwaita hivyo kwa miaka thelathini. Nawasema wale ambao nchi hii si yao kwa hati: fundi aliyevuka Mto Songwe kutoka Malawi, mke aliyeolewa Zambia akaletwa Usangu na mumewe, Mkongo mwenye kuuza vitenge, mnunuzi wa mchele atokaye nchi jirani, mtawa wa Ulaya aliyezeekea katika zahanati. Watu hao wana haja tatu ambazo ofisi zetu huzitenga katika madirisha matatu, nazo ni haja ya kukaa kwa halali, haja ya kufanya biashara kwa halali, na haja ya kuwaachia watoto wao walichokichuma. Madai yangu ni kwamba haja hizo tatu ni shauri moja, ya kwamba aliyekosea katika la kwanza huwa amekwisha kukosea katika la tatu bila ya kujijua, na ya kwamba Madibira haina hata meza moja ambayo mgeni anaweza kuketi akaelezwa yote matatu kwa pamoja na mtu mwenye elimu ya sheria na asiyetaka chochote mkononi mwake.

Tujaalie mtu wa namna hiyo, fundi cherehani, aliyepita mpakani Kasumulu miaka ishirini iliyopita kwa ruhusa ya muda, akafuata sifa za mavuno hadi Madibira, akapanga kibaraza cha kushonea, akaoa binti wa Kibena, akazaa, akajifunza kuamkia watu "kamwene" kila asubuhi kama mwenyeji. Fedha zilipopatikana alinunua ekari mbili za majaruba nje ya skimu. Hati ya mauziano ni ukurasa uliochanwa katika daftari la shule, wenye mistari ya buluu, ulioandikwa kwa kalamu mbili kwa kuwa ya kwanza iliishiwa wino katikati, ukatiwa dole gumba la muuzaji, saini za mashahidi watatu, na muhuri wa mtendaji wa kijiji uliogongwa kwa kupinda. Mipaka imetajwa kuwa ni mfereji upande wa juu, mkwaju upande wa chini, na kwa pande mbili zilizosalia ni majina ya majirani, ambao mmoja wao amekwisha kufariki. Jina la mnunuzi katika karatasi hiyo si la fundi. Ni la shemeji yake, kaka wa mkewe, kwa sababu mtu mmoja wa mjini, aliyejua sheria nusu, alimwambia kwamba mgeni hanunui shamba, akapokea ujira wake, akaondoka.

Mtu huyo wa mjini alisema kweli, na katika kusema kweli nusu alimtia mteja wake shimoni. Sheria ya Ardhi ya 1999, katika kifungu cha 20, inakataza asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa na mamlaka ya uwekezaji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo imeiweka hakimiliki ya kimila mikononi mwa raia. Na mlango huo wa uwekezaji si mlango wa mafundi cherehani. Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ilitaja mtaji usiopungua dola za Marekani 500,000 kwa mgeni aliyetaka cheti chake. Lakini mke wa fundi ni raia. Watoto wake, waliozaliwa hapa na mama Mtanzania, ni raia. Hakukuwa na sheria yoyote iliyozuia shamba lile kuandikwa kwa jina la mke, likaombewa hati ya hakimiliki ya kimila kijijini, na mke akaandika wasia wa kuwataja watoto. Dawa ilikuwa ndani ya nyumba, ikatafutwa kwa shemeji. Mwanasheria wa kweli angaliisema dawa hiyo kwa muda wa robo saa.

Tuanze na kukaa, maana ndiko kunakoanzia mambo. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 imevigawa vibali vya ukaazi katika madaraja, A kwa mwenye shughuli na mtaji wake mwenyewe, B kwa mwajiriwa, na C kwa wengineo kama wamisionari, wanafunzi na watafiti. Na tangu sheria ya ajira za wageni ya 2015, kibali cha kufanya kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, mbali na kile cha kukaa, hata mtu akaweza kuwa na kimoja kilicho hai na kingine kilichokufa. Uraia nao una ngazi yake. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mwombaji wa tajinisi awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia awe amekaa jumla ya miaka saba, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na mwenendo mwema. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia fupi zaidi ya kuomba. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo, naye hupanga foleni moja na wageni wote. Tafauti hiyo siioni kuwa ya insafu, kwa kuwa humfanya binti wa Kibena ashindwe kumpa mumewe kile ambacho kaka yake anaweza kumpa mkewe. Maadamu ndiyo sheria, mgeni ana haki ya kuijua mapema, kabla miaka saba yake haijapotea kwa kukaa bila kibali, kwani miaka ya kujificha haisaidii maombi ya mtu anayetakiwa kuthibitisha mwenendo mwema.

Serikali ikitaka, mambo haya huwezekana kwa wingi mkubwa. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000, waliokimbia mauaji ya 1972 na vizazi vyao, waliokuwa wakiishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Jambo hilo ni fahari ya nchi, nami sijui taifa jingine la Afrika lililolifanya kwa kadiri hiyo. Ila wale walikuwa wengi mahali pamoja na dunia ikiwatazama. Fundi wa Madibira yu peke yake.

Katika biashara, mambo yamebadilika upesi kuliko habari zinavyosafiri. Mwezi Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, miongoni mwake biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali, viwanda vidogo, na jambo linalogusa Madibira kuliko yote, yaani kununua mazao shambani. Mgeni atakayevunja amri hiyo hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali chake. Na raia atakayemsaidia naye ana faini yake ya shilingi milioni tano au kifungo cha miezi mitatu. Majirani walilalamika, hasa Kenya, wakitaja itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika 2010. Lakini Mmalawi na Mzambia hawana hata kivuli hicho cha kukimbilia, kwa kuwa nchi zao si wanachama wa Jumuiya.

Sitaibeza amri hiyo. Mwenye duka dogo ana haki ya kulindwa asimezwe na mwenye mtaji wa mbali, na malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo hayakuwa ya kubuni. Nasema tu kwamba kule mashineni, ambako mpunga hukobolewa na bei hupatanwa kwa sauti ya chini huku gunia likisimama katikati ya watu wawili, mnunuzi wa kigeni hakutoweka kwa sababu ya tangazo la Gazeti la Serikali. Anaweza kumsogeza mbele kijana wa hapa, akampa fedha na simu, yeye akabaki katika nyumba ya wageni. Mkulima akidhulumiwa katika mapatano ya namna hiyo hana wa kumshitaki, kwa sababu aliyepatana naye hana kitu na mwenye kitu hana jina. Na kijana yule, ambaye hajasoma amri, hajui kwamba udalali wake umempeleka karibu na kifungo. Ushauri wa sheria hapo ni kinga ya raia kabla haujawa kinga ya mgeni: mgeni aelekezwe kununua kwenye ghala la chama cha ushirika, kwa mkataba ulioandikwa, na mkulima aambiwe kwamba risiti yenye jina la mtu asiyejulikana si ithibati.

Nakuja sasa kwenye mirathi, na hapa nitakawia, kwa kuwa hapa ndipo nyumba zinapobomoka. Fundi wetu akifa, swali la kwanza mahakamani si nani mrithi, bali ni sheria ipi itumike. Nchi yetu ina njia tatu, ya kimila, ya Kiislamu, na ile ya jumla ya 1865 iliyorithiwa kutoka India, na mahakama huamua kwa kuangalia maisha ya marehemu na nia yake. Mila zilizoandikwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la 1963 ni za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Je, marehemu akiwa Mchewa, ambaye kwao urithi hufuata upande wa mama na mpwa hutangulia mbele ya mtoto? Ndugu zake wakivuka Songwe wakaja kudai, watazungumza kwa mila ambayo wazee wa Madibira hawaijui, nao wazee watajibu kwa mila ambayo marehemu hakuzaliwa nayo. Ikiamuliwa kwamba aliishi kama Mkristo, na mila zikawekwa kando, shauri huwa si la Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu, ambayo mamlaka yake katika mirathi ni ya kimila na ya Kiislamu. Hupelekwa mahakama za juu, na mjane aliyefiwa juzi huanza kuhesabu nauli.

Hali ya mjane mwenyewe chini ya mila hizo za 1963 ni ya kusikitisha. Kanuni ya 27 humnyima fungu katika mali ya mumewe maadamu marehemu ana ndugu wa ukoo, ikamwachia atunzwe na watoto wake. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliikemea Tanzania mwaka 2015 katika shauri la wajane wawili waliofukuzwa majumbani mwao na jamaa za waume zao, na maandishi yale ya 1963 hayakufutika kwa kukemewa. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, lakini hukumu ile ilihusu talaka, na kifo hakijapata bado hukumu ya kulingana nayo kwa umaarufu.

Sasa tazameni mahali aliposimama mke wa fundi. Kwa mila huenda asirithi. Shamba haliko kwa jina la mumewe wala lake, liko kwa jina la kaka yake, ambaye ana wake na watoto wanaoiamini karatasi ile ya daftari. Kibaraza cha kushonea kimefungwa kwa kuwa leseni ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Na akienda mbele ya hakimu kusema kwamba shamba lilikuwa la mumewe kwa siri, huwa ameungama kwamba walikwepa sheria ya ardhi, na mahakama haina desturi ya kumsaidia mtu kuvuna matunda ya makubaliano haramu. Hakuna katika haya aliyeiba kitu. Shemeji pengine ni mtu mwema kabisa, anayelima shamba lile na kuwapelekea wapwa zake magunia; ila akifa yeye, wema wake hauandikwi katika mirathi.

Wasia ungaliyazuia mengi. Chini ya kanuni zile zile za kimila, wasia wa mdomo hutaka mashahidi wasiopungua wanne, na wa maandishi hutaka wawili kwa anayejua kusoma na kuandika, na wanne kwa asiyejua, wakichanganywa wa ukoo na wasio wa ukoo. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kuhifadhi wasia za watu. Lakini wangapi wanaojua hayo? Watu wetu huogopa wasia kama kwamba kuutaja ni kuliita jeneza nyumbani, na mgeni huuogopa maradufu, kwa kuwa kila karatasi yenye jina lake huidhani ni karatasi ya kumrudisha mpakani.

Hofu hiyo ndiyo mtaji wa wale tunaowaita mawakili vishoka, wanaokaa karibu na ofisi za serikali na bahasha kwapani, wakijaza fomu wasizozielewa kwa ada wasizozitolea risiti. Sheria ya Mawakili inawakataza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kwa upande mwingine, imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu wa vijijini waliofunzwa, na imeweka msingi kwamba asiye na uwezo asaidiwe bila malipo. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imezunguka mikoani ikisikiliza migogoro ya ardhi na mirathi, na imefanya jambo la kushukuriwa. Lakini kampeni hupiga hema na kuling'oa, na vibali vya watu huisha muda wake mwezi wowote wa mwaka. Na mafunzo ya wasaidizi wetu, kadiri nionavyo, yamejaa ndoa, ardhi na matunzo ya watoto, huku uhamiaji ukiachwa kana kwamba vijiji vya Mbarali haviko safari ya siku moja kutoka Kasumulu na Tunduma.

Nitaulizwa: kwa nini fedha ya nchi itumike kumwongoza mtu asiye wa nchi? Jibu la kwanza nimekwisha kulitoa, ya kwamba mke na watoto ni wetu. La pili ni kwamba sisi wenyewe tumekuwa wageni wa watu. Babu zetu wa nyanda hizi, Wanyakyusa na wenzao, waliandikishwa na Wenela, wakala wa kuandikisha vibarua wa migodi, wakapelekwa Johannesburg, na wengine hawakurudi, wala vitu vyao havikurudi. Leo watoto wetu wako Muscat, London na Houston, na wengi wao hutuma fedha za kujengea nyumba kwa jina la kaka aliyebaki, kosa lile lile la fundi, lenye sura ya saruji na bati la rangi. Aliyechukua uraia wa huko hupoteza wa hapa, kwani hatuna uraia pacha; na ndiyo sababu Bunge mwaka 2025 lilipitisha marekebisho ya kuwapa raia wa zamani na vizazi vyao hadhi maalum, ikiwamo fursa ya kumiliki ardhi. Yeyote anayeifurahia huruma hiyo kwa mwanawe aliye ughaibuni hana hoja ya kumnyima fundi wa Madibira maelezo ya robo saa.

Ninachokiomba si sheria mpya. Nawaomba Idara ya Uhamiaji na Chama cha Wanasheria Tanganyika waongeze somo la vibali na uraia katika mafunzo ya wasaidizi wa kisheria wa wilaya za mpakani na za kilimo. Nawaomba viongozi wa chama cha ushirika cha wakulima Madibira wabandike ukutani, kwa Kiswahili chepesi, amri ya Julai 2025, kabla kijana mwingine hajaazimwa jina. Na naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Mbarali, ambayo mwanasheria wake anakaa Rujewa, imtume aketi katika ofisi ya kata ya Madibira walau siku moja kila mwezi, na siku hiyo itangazwe misikitini, makanisani na mashineni, ya kwamba mgeni atakayekuja kuuliza ataulizwa haja yake kwanza, na kibali chake baadaye.